SOMO LA BIASHARA: Taka za dukani zina bei mbili, ya ujazo na ya kilo

Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam huhesabu kodi ya pango, umeme, mishahara na leseni kwa uangalifu mkubwa, lakini fedha ya taka huitoa kama sadaka. Mwisho wa mwezi anakuja mtu na kitabu cha stakabadhi, analipwa, anaondoka. Hakuna anayeuliza ni mapipa mangapi yaliyobebwa, wala yalikwenda wapi. Siku hiyo hiyo, nyuma ya duka, kijana wa mkokoteni anajaza maboksi yaliyotolewa bidhaa asubuhi na kuyapeleka kwenye mizani. Mwenye duka amelipia taka zake ziondolewe, na sehemu yake nzuri zaidi ameigawa bure.

Mambo hayo mawili ni soko moja lenye vipimo viwili. Mzoaji wa taka anauza nafasi ndani ya gari lake. Gharama yake ni ujazo na safari, kwani gari lililojaa maboksi matupu linakunywa dizeli karibu sawa na lililojaa maganda ya ndizi. Mnunuzi wa chakavu naye hanunui nafasi, ananunua kilo, tena kilo kavu na safi. Boksi lisilokunjwa ni ghali mno kwa mzoaji na ni jepesi mno kwa mnunuzi. Mwenye biashara akilielewa jambo hili moja, mazungumzo yake na pande zote mbili yanabadilika.

HESABU YA MFANO

Bei zifuatazo zimewekwa kwa ajili ya hesabu tu. Kila msomaji aweke za mtaani kwake.

Tuchukue duka la bidhaa mchanganyiko eneo la Kariakoo, lenye mgahawa mdogo pembeni. Kwa wiki linatoa mapipa 24 ya lita 240 kila moja, ambayo ni karibu mita 6 za ujazo. Kati ya hayo, 14 ni maboksi yaliyotupwa bila kukunjwa, manne ni chupa za plastiki za maji na soda, manne ni mabaki ya jikoni, na mawili ni takataka nyinginezo zisizo na mnunuzi. Tuseme mzoaji anatoza Sh. 5,000 kwa pipa. Wiki moja ni Sh. 120,000.

Sasa maboksi yakunjwe na chupa ziwekwe kwenye viroba vyake. Maboksi ya wazi yana uzito wa kilo 30 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mapipa 14 yanatoa karibu kilo 100. Kwa Sh. 150 kwa kilo zinapatikana Sh. 15,000. Chupa za plastiki ni hewa tupu: mita moja ya ujazo haizidi sana kilo 25. Mapipa manne yatatoa kilo 24, ambazo kwa Sh. 400 ni Sh. 9,600. Mauzo yote ni Sh. 24,600, kiasi ambacho hakiwezi kumtajirisha mtu.

Lakini mapipa ya kulipia yameshuka kutoka 24 hadi sita, na ankara ya mzoaji kutoka Sh. 120,000 hadi Sh. 30,000. Akiba ni Sh. 90,000 kwa wiki, zaidi ya mara tatu ya mauzo. Tukitoa Sh. 20,000 za posho ya kijana anayekunja na kupanga, zinabaki Sh. 94,600.

Wengi wanaoingia katika mpango huu huutazama upande wa mizani, wakaona kilo chache, wakakata tamaa baada ya wiki tatu. Fedha kubwa haipo kwenye mizani. Ipo kwenye safari ambayo gari halikuifanya.

ADA YA MKUPUO INAVYOUA HESABU

Hesabu hiyo ina sharti, na ndilo kiini cha somo hili. Kama duka hilo lina mkataba wa ada ya mkupuo, yaani kiasi kile kile kila mwezi hata pipa liwe moja au thelathini, akiba ya Sh. 90,000 haipo. Inabaki Sh. 24,600 za mauzo kutoa Sh. 20,000 za posho: Sh. 4,600 kwa wiki. Hakuna meneja mwenye akili timamu atakayetenga nafasi ya stoo kwa Sh. 4,600. Kwa hiyo anayetaka kutenganisha taka aanze na kalamu kabla ya kununua viroba. Abadili namna anavyotozwa kwanza, kisha atenganishe.

Mzoaji atapinga, na ana sababu. Gari lake linafika mlangoni hata kama pipa ni moja, dereva na wapakiaji wanalipwa vile vile. Njia inayokubalika pande zote ni kuigawa ada: kiasi cha kudumu kwa ajili ya gari kufika, na kiasi kingine kwa kila pipa. Kwa mfano wetu, ada ya kufika ikiwa Sh. 15,000 kwa wiki na pipa likabaki Sh. 5,000, ankara ya mapipa sita ni Sh. 45,000. Akiba inashuka hadi Sh. 75,000, na baada ya mauzo na posho duka linabaki na Sh. 79,600. Mzoaji amelinda gharama zake, na nafasi iliyoachwa na yale mapipa 18 anaiuza kwa mteja wa jirani.

Kosa la kawaida hapa ni kupunguza siku za gari badala ya kupunguza mapipa. Maboksi yanaweza kungoja wiki mbili yakiwa makavu. Mabaki ya jikoni hayangoji, kwa joto la Dar es Salaam siku ya pili inzi wamekwisha kufika na siku ya tatu bwana afya. Biashara yenye jiko inahitaji ratiba mbili, na mkataba uziseme zote mbili.

UMBALI NA BEI

Anayeshangaa kwa nini uzoaji unapanda bei atazame ramani. Kwa miaka mingi dampo la jiji lilikuwa Tabata, katikati ya makazi ya watu. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu, wakashinda mwaka 1988, na baada ya mvutano mrefu dampo likafungwa mwaka 1991. Katika muongo huo taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa ni Pugu Kinyamwezi, karibu kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Wakati dampo linasogea mbali, wakazi waliongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728.

Kila kilomita iliyoongezeka imo ndani ya ankara, hata kama haikuandikwa. Gari lililoweza kufanya safari nne kwa siku likifanya mbili, gharama ya pipa inapanda maradufu kabla bei ya dizeli haijaguswa. Ndiyo maana baadhi ya magari hayafiki dampo. Taka zinamwagwa bondeni au kando ya mto, na boksi lenye jina na anwani ya duka huwa juu ya rundo siku ofisa wa mazingira anapopita. Bei ya chini isiyoeleweka ina maelezo yake, na mara nyingi maelezo hayo ni umbali ambao gari halikwenda.

FUNZO LA 1994

Uzoaji wa watu binafsi si jambo la jana. Mwaka 1994 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikabidhi kata 10 za katikati ya jiji kwa kampuni moja, ambayo ilitakiwa kujilipa kwa kukusanya ada kutoka kwa wenye nyumba na biashara. Magari yaliingia mitaani, ada hazikuja za kutosha. Wengi walikuwa wamezoea kwamba taka ni kazi ya serikali na hawakuona kwa nini walipe, na njia za kuwabana wasiolipa zilikuwa dhaifu. Kampuni isiyokusanya ada haiwezi kutengeneza magari, na gari bovu linawapa hata waliokuwa tayari kulipa sababu ya kutolipa. Halmashauri yenyewe ilivunjwa mwaka 1996 na kuwekwa Tume ya Jiji, na kuelekea mwisho wa muongo kazi ikagawanywa kwa makampuni na vikundi vingi, kila kimoja na eneo lake.

Kwa mfanyabiashara wa leo, kisa hicho kina maana ya vitendo. Huduma anayopata haitegemei malipo yake peke yake, inategemea pia kama jirani analipa. Kabla ya kutia saini, ni busara kuuliza mtaani, kwa wenye maduka wenyewe badala ya wakala wa kampuni, gari lilikosa kuja mara ngapi mwezi uliopita. Pia ajue kwamba mfumo wa maeneo ungali hai. Katika kata nyingi mkandarasi wa taka amepewa eneo na manispaa, na mwenye duka hana uhuru kamili wa kumwita amtakaye. Hatua ya kwanza basi ni ofisi ya kata: nani ana mkataba, unaishia lini, na sheria ndogo za halmashauri zimeweka ada gani kwa biashara ya aina yake. Wapo wanaolipa mara mbili, kwa mkandarasi wa eneo na kwa mtu wa pembeni, kwa kuwa hawakuuliza.

Ndugu zetu wa Nairobi wako tofauti kidogo. Huko makampuni kadhaa hushindania wateja katika mtaa mmoja, kwa hiyo nguvu ya mteja ni kubwa zaidi. Aidha, sheria yao ya taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe kule zinakotoka. Hapa Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliweka jukumu la taka ngumu kwa halmashauri, na bado pengo kati ya kilichoandikwa na kinachofanyika ni pana. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilionyesha kwamba pengo linaweza kuzibwa ghafla. Marufuku ilipoanza tarehe 1 Juni 2019, waliokuwa na stoo zilizojaa mifuko hiyo walijikuta na hasara mikononi.

YA KUANDIKWA KWENYE MKATABA

Mkataba mzuri wa taka unaenea kwenye kurasa mbili. Useme ukubwa wa pipa na bei yake, siku na saa za gari, na nani mwenye mapipa. Useme ada inapunguaje gari lisipokuja, kwa sababu bila kifungu hicho mteja hulipia mwezi mzima kwa wiki mbili za huduma. Useme taka zinapelekwa wapi, na kwamba mteja anaweza kudai stakabadhi ya dampo wakati wowote. Kifungu cha kupandisha bei kikiachwa wazi kitatumiwa. Ni bora bei ifungwe kwa miezi 12, au ifuate bei ya dizeli kwa kanuni iliyoandikwa.

Kifungu kinachosahaulika kuliko vyote ni cha umiliki. Maboksi, chupa na makopo ni mali ya nani yakishatenganishwa? Baadhi ya wazoaji huwaruhusu wapakiaji kuchambua ndani ya gari, na kwa wapakiaji hiyo ni sehemu ya riziki. Mteja akianza kuuza mwenyewe bila kusema, ugomvi unaanza, na ghafla pipa lake ndilo linalosahauliwa kila Jumatatu. Yasemwe mapema, ikibidi kwa kumwachia mzoaji aina moja, kama makopo ya aluminiamu, ili amani iwepo.

Risiti ya mashine ni lazima kwa pande zote mbili. Gharama isiyo na risiti halali ni ngumu kuikubalisha TRA, na mauzo ya chakavu ni mapato kama mapato mengine.

Kuna taka ambazo haziingii katika mpango huu hata kidogo. Bidhaa za vyakula na vipodozi zilizopita muda ziko chini ya usimamizi wa TBS, na dawa chini ya TMDA. Hizo huteketezwa kwa utaratibu na mbele ya wahusika. Katoni ya maziwa ya unga iliyokwisha muda ikitupwa nzima itarudi sokoni ikiwa na tarehe mpya, na kesi itaanzia kwa aliyeitupa. Betri na mabaki ya vifaa vya umeme yana kanuni zake za taka hatarishi na huhitaji mtu mwenye kibali cha mazingira. Muuzaji wa vyuma chakavu naye aombwe kibali kabla ya kufunguliwa mlango wa stoo, maana anayenunua nondo za wizi hutafuta duka la heshima la kuzichanganyia.

MIZANI NA MAJI

Upande wa kuuza, kanuni ni zile zile za soko la nafaka. Mnunuzi analeta mizani yake, muuzaji awe na ya kwake. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 inajilipa haraka. Kiroba cha lumbesa kinachopimwa kwa macho ni hasara kwa aliyekijaza, hapa kama kule kwenye vitunguu.

Maboksi yaliyolowa yatakatwa uzito au kukataliwa, kwa hiyo wakati wa masika nafasi chini ya paa ina thamani kuliko bei yenyewe. Chupa za plastiki za maji zenye mfuniko na lebo bado zinanunuliwa, ila zilizotengwa kwa rangi hupata bei nzuri zaidi. Chupa ya nusu lita ikiwa tupu ina uzito wa gramu 10 hadi 15, hivyo kilo moja inataka chupa 70 hadi 100, na zikikanyagwa kabla ya kuingia kwenye kiroba nafasi inapungua sana. Mafuta ya kukaangia yaliyotumika yawekwe kwenye dumu lake, maana yakiingia kwenye maboksi hakuna kitakachouzika. Mabaki ya chakula hayana bei ya kusisimua, lakini wafugaji wa nguruwe huja kuyachukua bila malipo, na kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, kuyaondoa kwenye pipa ni akiba tosha.

Kwa chupa za kioo za bia na soda hakuna la kufundisha. Kreti na amana yake vimewafunza wenye maduka na baa muda mrefu kuliko kampeni yoyote ya mazingira. Chupa yenye fedha ndani yake hairushwi mtaroni.

KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Wapo wanaotazama biashara hii kama mahali pa kuweka fedha: kununua kwa waokotaji na maduka, kukusanya, kuuza kiwandani. Faida ipo, nayo inakaa kwenye robota. Lori lenye nafasi ya mita 30 za ujazo likijazwa chupa zisizobanwa hubeba kilo 750 tu. Chupa hizo zikifungwa marobota ya kilo 200 kwa mita ya ujazo, lori hilo hilo hubeba tani sita, na safari ni moja badala ya nane. Asiye na mashine ya kufunga marobota anamfanyia kazi aliye nayo.

Bei za mali hii haziamuliwi Dar es Salaam. Plastiki chakavu inashindana na plastiki mpya, inayotokana na mafuta na gesi, kwa hiyo mafuta yakianguka yenyewe inaanguka nayo, kama ilivyotokea mwaka 2020. Kabla ya hapo, China ilipofunga mlango kwa aina nyingi za plastiki na karatasi chakavu kuanzia 2018, bei zilitikisika duniani kote. Tangu 2021 Mkataba wa Basel unabana pia usafirishaji wa plastiki chafu na iliyochanganywa kati ya nchi na nchi. Aluminiamu ni tulivu zaidi kwa kulinganisha, kwa sababu kuiyeyusha upya kunatumia sehemu ndogo sana ya nishati, karibu asilimia 5, ya ile inayohitajika kuitoa kwenye madini, na viwanda huihitaji wakati wote.

Kikwazo kinachowaangusha wengi lakini ni mzunguko wa fedha. Mwokotaji wa chupa analipwa taslimu jioni ile ile, vinginevyo kesho anakwenda kwa mwingine. Kiwanda kinaweza kulipa baada ya siku 30 au zaidi. Anayenunua tani moja kwa siku kwa Sh. 300 kwa kilo anatoa Sh. 300,000 kila jioni. Kwa siku 26 za kazi ni Sh. 7,800,000 zilizokaa kiwandani kabla ya senti ya kwanza kurudi, na hapo hajalipa pango la uwanja, usafiri wala mlinzi. Mwenye milioni nane akinunua mashine ya milioni sita atakuwa na mashine nzuri isiyo na kitu cha kufunga ifikapo wiki ya pili. Wanaodumu huanza kwa mkataba wa maandishi na kiwanda wenye siku za malipo, wakakodi huduma ya kufunga marobota kwa mwenzao, na mashine wakainunua mwishoni.

Kwa mwenye duka ambaye hana nia ya kuwa mnunuzi wa chakavu, kazi ya wiki hii ni ndogo kuliko zote zilizotajwa. Amweke mtu mmoja ahesabu mapipa kwa siku saba, aina kwa aina, kabla mtu wa kitabu cha stakabadhi hajarudi.